Motokari ya Arusi Isiyojua Kurudi Nyuma

Wajukuu zangu wakikodi gari la arusi hapa Uvira, wanaangalia rangi. Iko nyeupe? Inang'aa? Basi, wamekubali. Mimi nawacheka. Motokari iliyonipeleka kanisani, miaka ile ya Wabelgiji, ilichunguzwa kuliko ng'ombe wa mahari, na aliyeichunguza ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mwanamke mnene wa Sange asiyeogopa mtu wala chuma.

Zamani kwetu bibi arusi alibebwa mabegani mwa wanaume. Lakini kutoka Sange hadi kanisa la Uvira ni mbali, na padri alikuwa amesema wazi: atatufungisha ndoa Jumamosi asubuhi, kisha anapanda milimani, na akishuka itakuwa Kwaresima. Kwaresima hakuna ndoa. Atakayechelewa atangoja Pasaka. Nami kungoja sikutaka. Yule mwanaume nilimtaka, tena nilimtaka upesi. Mwenye haya afumbe macho.

Mwenye duka mmoja mjini alikuwa na motokari kuukuu ya kukodisha. Baba alitaka kuichukua bila kuiona. Shangazi akamwuliza, "Weye unanunuaka mbuzi bila kumushika mugongo?" Akanivuta mkono, tukaenda.

Alianza na pua. Aliingiza kichwa ndani, akanusa viti.

"Shofere, humu mulibeba samaki ya ndagala."

"Zamani, mama."

"Zamani ya jana! Mutasugua na malimau."

Kisha akaniingiza mimi na gauni langu, nipite mlangoni, nikae, nitoke, nikae tena, aone kama pindo litashika mafuta. Akabonyeza magurudumu kwa dole gumba. Akajifungia ndani, akaamuru ndoo ya maji imwagwe juu ya paa, maana yalikuwa majira ya mvua. Tone likamwangukia puani. "Zibeni hapa!" Akapiga honi, mbuzi wa sokoni wakatawanyika, akapiga makofi kwa furaha.

Mwisho akaweka kikapu chake cha mayai katikati ya njia, akasimama nyuma yake.

"Kuja mbio, kiisha usimame."

"Mama, nikikosa?"

"Ukikosa, mayai itakuwa yako na maiti itakuwa yako."

Shofere alikuja. Mimi nilifunika uso. Nilipofunua, motokari ilikuwa inahema mbele ya kikapu, na shangazi anakagua mayai moja moja. Hakuna lililopasuka. Shofere akajifuta jasho.

"Mama, kwa sababu uko mutu wa kweli, nakuambia. Hii motokari haijue kurudi nyuma. Inajua kwenda mbele tu."

Wanawake wa sokoni walicheka, na shangazi akacheka kuwashinda wote. "Bibi arusi arudi nyuma aende wapi? Tunaichukua!"

Wajukuu zangu, shofere akikutajia kilema cha gari lake, usicheke. Uliza kwanza njia iko namna gani.

Jumamosi tuliondoka Sange na vigelegele. Shangazi alikaa mbele, mimi nyuma na dada zangu, kichwa chini, kimya, kama bibi arusi anavyotakiwa. Tukafika daraja la Runingu, ambapo magari mawili hayapishani. Tulipokuwa katikati, kamyo lililojaa magunia ya chumvi likaingia kutoka upande wa Uvira. Pua kwa pua.

"Rudisha, weye mudogo!" akapiga kelele shofere wa kamyo.

"Yangu haijue kurudi!"

"Basi bashuke, basukume!"

Kaka zangu, waliotufuata kwa baiskeli, wakaja kweli kutusukuma. Shangazi akaruka nje, akajitandaza juu ya boneti. "Mutoto wetu harudi Sange! Bibi arusi akirudishwa, na arusi inarudi!"

"Mama, minye mwenyewe nikirudisha, chumvi itaingia mutoni."

"Samaki watakushukuru!"

Wakazozana. Jua likapanda. Moyoni nilimwona padri akifunga mizigo yake, nikaiona Pasaka kule mbali. Basi nikatoa kichwa dirishani, kitambaa cha kichwa kikanidondoka. Dada zangu wakanivuta, "Nyamaza, bibi arusi hasemi!" Nikasema, nikimwelekea shofere wa kamyo.

"Baba, chumvi yako haina mwanaume anayeingoja kanisani. Minye niko naye. Kwaresima ikinikuta hapa, nitakuja kukaa kwako mupaka Pasaka. Utanilisha, na huyu shangazi yangu utamulisha."

Yule baba akamtazama shangazi, pale alipolala juu ya boneti, mwili mzima.

"Huyu pia?"

"Yeye wa kwanza."

Akacheka hadi akaegemea usukani. Kisha akarudisha kamyo polepole, anachungulia huku na huku, na hakuna gunia lililoanguka. Tulipompita alitupigia honi, nasi tukampigia yetu.

Uvira tulikuta kanisa tupu. Padri alikuwa nje, kofia kichwani, anabishana na mchumba wangu, ambaye alikuwa ameketi juu ya pikipiki ya padri na kukataa kushuka.

"Nilimwambia padri, huyu mwanamuke atafika," akanipigia kelele, bado ameketi.

Padri akavua kofia, akaguna, akaturudisha ndani. Vumbi la njia lilikuwa bado usoni mwangu. Aliponigeukia kuniuliza kama namkubali mwanaume huyu, nilisema ndiyo kabla hajamaliza, na kwa sauti iliyomfikia shofere wetu huko nje.