Risasi za Kaka Zilipoanza Kwenda Kombo

Jirani yetu alijeruhiwa na nguruwe pori asubuhi, akiwa anapalilia maharage. Muda mfupi kabla, kaka yangu alikuwa amempiga risasi mnyama yule yule kwenye ukingo wa shamba lake la mahindi kule kijijini kwetu Buger, na risasi ikampata pabaya, nyuma, karibu na mkia. Nguruwe hakurudi msituni kama kawaida yao. Aliteremka bondeni, akapenya ua, akamkuta yule mama ameinama na jembe, akamchana mguu juu ya goti. Hakufa, tunamshukuru Mungu. Lakini mpaka leo anauburuta ule mguu, na mimi nikipita mbele ya nyumba yake husalimia huku nikiangalia chini.

Naishi Karatu mjini, kazi yangu ni ufundi wa magari. Simu ya shemeji, mke wa kaka, ilinikuta chini ya gari la watalii nikifunga springi.

"Shemeji, njoo," alisema. "Kaka yako hali, haongei. Anafuta bunduki tu."

Kaka ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Alikuwa mkulima kama wengine, ila yeye alikuwa na bunduki ya halali, yenye kibali, ile ya bolti ambayo unavuta na kusukuma mkono wake kabla ya kila risasi, ina kitako cha mbao na darubini juu. Kijiji chetu kinapakana na msitu. Nguruwe wakiingia kwa mtu, au nyati akipotea njia na kukwama kwenye mashamba, aliitwa kaka, na maofisa wa wanyamapori walilijua hilo. Watu walisema mnyama aliyelengwa na kaka hausikii mlio. Nilikua nikijivunia maneno hayo kana kwamba yalisemwa juu yangu.

Jumapili baada ya ibada nilipanda pikipiki nikaenda. Nilimkuta ameketi sebuleni, bunduki iko mezani juu ya gunia. Alikuwa amekonda.

"Hii imeharibika," alisema bila hata kunisalimia. "Wewe ni fundi. Itafute ugonjwa."

"Mimi ni fundi wa magari, kaka."

"Chuma ni chuma."

Nyuma ya nyumba kuna korongo ambako watu walichimba moramu ya kumwaga barabarani, na upande wake mmoja umebaki ukuta mrefu wa udongo. Tulimpa taarifa mwenyekiti wa kijiji, tukachomeka kipande cha boksi chenye duara la mkaa, kaka akalala chini, akaegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga ili isitikisike. Alipiga tatu. Moja ilikwenda juu, moja kulia, ya tatu haikugusa hata boksi.

"Umeona?" aliniuliza. Alikuwa karibu afurahi, kwa sababu sasa nilikuwa shahidi wake.

Nilianza kama ninavyoanza na gari linalovuta upande mmoja: kwanza natafuta kilicholegea. Chini ya kitako kuna skrubu zinazoshika chuma na mbao, na ya mbele nilipoigusa na bisibisi ilizunguka kirahisi, haina ubishi wowote. Hata kikalio cha darubini, kile kinachoishika juu ya bunduki, kilikuwa kinacheza. Niliposukuma darubini kwa kidole gumba nilisikia mlio mdogo wa chuma kikigonga chuma. Nilikaribia kupiga kelele za furaha. Nikakaza zote, tukarudi korongoni, kaka akapiga. Ya kwanza ilikaa ukingoni mwa duara. Ya pili ikakaribia pale pale. Shemeji, aliyekuwa amesimama mlangoni na mikono masikioni, alicheka. Kisha za baadaye zikatawanyika kama mtu aliyemwaga maharage sakafuni.

Nikawa napanda Buger kila Jumapili. Jumapili iliyofuata nilipitisha ukanda wa karatasi kati ya mtutu na mbao. Bunduki iliyo sawa, karatasi huteleza chini ya mtutu mpaka karibu na mwisho wake. Hii ilikwama katikati. Ile mbao ilikuwa imekunywa ukungu wa miaka mingi, ikavimba, ikawa inasukuma mtutu upande mmoja. Kaka mwenyewe aliisugua kwa msasa, polepole, akipuliza unga wake, akipapasa kwa vidole kila baada ya msasa kupita. Nilifikiri anapapasa kwa umakini. Alifanya kazi nzuri, karatasi ikawa inateleza kama kisu kwenye siagi. Tukapiga. Bado.

Nikasema basi ni uchafu. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojipinda inayoizungusha risasi, na shaba ya risasi hujipaka humo taratibu mpaka mifereji inapoteza makali. Tulipitisha vitambaa vyenye dawa, vikatoka vya kijani na bluu kama kutu ya sufuria. Tukaendelea mpaka vikatoka vyeupe. Tukatenga risasi, tukatumia za boksi moja tu badala ya kuchanganya. Nikamulika mdomo wa mtutu kwa tochi kutafuta pengo, maana pengo dogo pale mwisho linatosha kuiharibia risasi safari yake. Sikuona kitu. Tukapiga. Bado.

Wakati huo mahindi yalikuwa yanabeba, na nguruwe walikuwa wanayajua. Kila nilipofika nilikuta sehemu nyingine imelazwa chini. Majirani waliacha kumwita. Hawakumsema vibaya, waliacha tu, na kaka aliusikia ule ukimya kuliko ambavyo angesikia matusi.

Mwisho nilimwambia mtutu umekwisha. Nilimwambia kwa sauti ya fundi anayemwambia mwenye gari kwamba injini haifai tena.

"Haujakwisha," alisema. "Mtu mwingine aipige kwanza."

Alimwita askari wa wanyamapori anayemfahamu, kijana mpole ambaye walishawahi kukaa pamoja porini wakimsubiri nyati aliyejeruhiwa. Alikuja alasiri, akaivua kofia yake, akalala pale pale kaka alipokuwa akilala. Alipiga tatu. Tulikwenda kwenye boksi sote. Matundu matatu yalikuwa yamekaa pamoja ndani ya duara, kikombe cha kahawa kingeyafunika.

"Bunduki nzima hii, mzee," alisema askari. "Tena imetengenezwa vizuri."

Kaka aligusa matundu kwa kidole, moja moja.

"Piga tena."

Askari akapiga tena. Ilikuwa vile vile. Ningependa kusema nilielewa papo hapo, lakini kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa kiburi: msasa wetu, skrubu zangu. Kisha nikamtazama kaka usoni, nikatamani ile bunduki ingekuwa imepasuka.

"Sasa piga wewe, mzee," askari alisema, akapiga magoti kando yake. Alimwangalia kwa muda. "Mbona unalaza kichwa hivyo? Jicho halikai nyuma ya darubini."

"Nikikaa sawa kioo kinakuwa na giza."

"Giza la wapi?"

"La pembeni. Kioo hiki kimekuwa hivyo siku nyingi."

Kile kioo nilikuwa nimekisafisha mara nyingi kwa mikono yangu. Nililala nikachungulia. Kilikuwa angavu mpaka ukingoni.

Nilimwambia kaka asimame. Nikamfunika jicho la kushoto kwa kiganja changu. Ngozi yake ilikuwa ya moto.

"Unaona nini?"

"Naona kila kitu. Naona zizi. Naona mparachichi, na bati jipya la jirani linang'aa."

Vyote vilikuwepo mahali alipovitaja. Nilishusha pumzi. Wakati huo huo shemeji alitoka jikoni na ndoo, akakatiza mbele yetu, karibu kiasi kwamba maji yalinirukia viatu.

"Nani amepita?" nikauliza.

"Hajapita mtu."

Shemeji alisimama na ndoo yake kichwani. Kaka alikuwa bado anatazama mbele, akisubiri nimuulize kingine. Lile shamba alilijua kwa moyo. Alikuwa analisoma kichwani mwake, hakuwa analiona.

Tulimpeleka hospitali. Daktari wa macho alimpima kwa muda mrefu, akatuambia ni presha ya macho, kwamba huwa inakula kimya kimya bila maumivu, ikianzia pembeni. Jicho la kulia lilikuwa karibu limekwisha, la kushoto limeanza. Angempa dawa ya matone ya kushikilia kilichobaki.

"Na kile kilichopotea?" kaka aliuliza.

"Hicho hakirudi, mzee."

Njiani kurudi tulianza kupanda kilima. Ndipo akasema, "Kwa hiyo yule mama nilimuumiza mimi."

"Hukujua, kaka."

"Nilikaa sebuleni kwao. Nilimwambia mume wake bunduki ni mbovu. Nilimwambia nikimtazama usoni. Sijui hata nilikuwa namtazama wapi."

Siku iliyofuata alikwenda kwao kuwaeleza ukweli. Alikataa nimshike mkono, nikamfuata nyuma. Yule mama alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mboga, mguu ameunyoosha. Alimsikiliza kaka mpaka mwisho. Mume wake alitoka nje katikati ya maneno.

"Mzee," yule mama alisema, "afadhali ungeniacha na ile habari ya bunduki mbovu. Bunduki nilikuwa nimeshaisamehe."

Kaka alisema, "Naelewa, mama," na tukaondoka. Hatukukaribishwa chai.

Baada ya hapo alikuwa anakaa sebuleni mlango umefungwa, bunduki mezani juu ya gunia lake, haifuti tena. Siku moja shemeji alinivuta nyuma ya ghala, akafungua khanga aliyoshika. Ndani yake kulikuwa na bolti, ile sehemu ya chuma ambayo bila hiyo bunduki ni bomba tu.

"Nimeitoa alipokuwa bafuni," alinong'ona. "Niiweke wapi, shemeji?"

Sikumuuliza kwa nini. Aliifukia kwenye pipa la unga. Tulipoingia ndani kaka alikuwa amesimama kando ya meza, mkono wake uko juu ya bunduki, pale kwenye nafasi iliyo wazi.

"Mlidhani nitafanya nini?" aliuliza.

Shemeji alianza kulia. Mimi nilisema, "Hatukudhani kitu, kaka," na uongo ule ulisikika kama ulivyokuwa.

"Nendeni mkailete," alisema. "Inatakiwa kukabidhiwa ikiwa kamili."

Tuliipeleka kituo cha polisi mjini, yeye akiwa amevaa koti lake la kanisani. Askari wa zamu aliipokea, akaivuta bolti, akachungulia ndani ya mtutu, akasema inaonekana ni bunduki iliyotunzwa. Kaka aliitikia kwa kichwa. Alipoulizwa sababu ya kuirudisha, nilifungua mdomo nimjibie. Akanizuia kwa mkono.

"Mwenyewe sifai," alisema.

Hakuna mtu mwingine kijijini kwetu mwenye bunduki. Ofisi ya wanyamapori hutuma mtu ikipigiwa simu, lakini ni mbali, na anapofika nguruwe wameshashiba. Watu wanawasha moto, wanapiga madebe, kisha usingizi unawazidi.

Nilipanda tena juzi, kabla ya mavuno. Nilimkuta kaka nje, kwenye kiti chake, uso ameuelekeza shambani. Shemeji alikuwa amemaliza kumtia matone, shavu la kaka lilikuwa na unyevu.

"Wamekula sana?" aliniuliza.

"Si sana. Upande wa juu upo."

"Usinidanganye," alisema. "Upepo unapita na sisikii jani."

Basi nikamwambia ukweli, kwamba hakuna kilichosimama kuanzia zizini mpaka korongoni. Alisikiliza, akauliza na kwa jirani je, nikasema na kwa jirani vile vile. Kisha akaninyooshea mkono nimshike, nimrudishe ndani.