Kichwa ya Nanasi

Harufu ya nanasi ikinipata, mukono yangu inakamata kisu kwa nguvu.

Nikiwa mutoto, ku masomo hapa Bunia, mwalimu alituomba matunda juu ya somo ya fraction, kugawa kitu kizima vipande. Nikaleta nanasi yenye baba alitoa ku Mambasa, ya kuiva muzuri. Akaikata mbele yetu.

«Hii ni un demi, nusu.» Akaila. «Hii, un quart, robo.» Akaila vilevile, maji ikimutiririka mu ndevu. Ya mwisho nayo akaimeza.

«Na yangu, Maître?»

Akanirushia kichwa yenye majani. «Hii nayo ni fraction!»

Darasa yote ikanicheka. Mama akapanda ile kichwa nyuma ya nyumba.

Leo niko nakata nanasi ya palepale nyuma ya nyumba, na mwalimu ule, sasa muzee na mugeni wangu, anameza mate.

«Mwanangu, nikatie hata un quart.»

Nikamuwekea kichwa mu sahani.

«Kula, Maître. Hii nayo ni fraction.»