Mama Odette na Wajapani Wetu

Jumapili moja mchana nilikuwa jikoni natwanga pondu, majani ya muhogo, na mpwa wangu Grâce alikuwa sebuleni na simu yake. Kutoka kwenye simu ile ikatoka sauti ya mwanamke, nyembamba, inayovutwa mwishoni kama ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto: "Omoniii!" Mchi wangu ukabaki hewani. Kabla sijafikiri lolote, mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Aigo!"

Grâce akachungulia mlangoni. "Tantine, unajua Kikorea?"

"Kikorea gani? Hao si Wajapani?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Ndivyo nilivyogundua, nikiwa mtu mzima na mvi zangu, kwamba Wajapani wa utoto wangu walikuwa Wakorea. Niliiacha pondu ilivyo, nikaketi kando yake, na tangu siku ile sijainuka. Watu wa nyumbani wanasema ugonjwa huu nimeambukizwa na watoto wa siku hizi. Si kweli. Niliupata zamani, nikiwa na umri mdogo kuliko wa Grâce, na aliyenipa alikuwa mwanamke asiyejua hata neno moja la lugha ile.

Ilikuwa hapahapa Kisangani, miaka ya vita. Sisi ni watu wa Butembo. Papa alikuwa amebaki kule na duka, Mama aliuza vitenge huku soko kuu, na kwa kuwa barabara ilikuwa imekufa, bidhaa zilikuja kwa ndege mpaka uwanja wa Bangboka. Aliyezileta alikuwa Tonton Kambale, mdogo wake Papa, mtu wa maneno mengi, aliyenukia mafuta ya ndege na sabuni ya kufulia. Kila safari alikuwa na mpango mpya wa kututajirisha sote.

Nyuma ya nyumba yetu, katika ua uleule, kulikuwa na kijumba cha udongo. Humo aliishi Mama Odette. Yeye alikuwa mtu wa mto, wa upande wa Isangi, na kazi yake ilikuwa kukausha samaki kwa moshi na kuwauza. Mumewe, Papa Faustin, alifanya kazi kwenye meli za mizigo. Alishuka Kinshasa safari moja kama safari zote, vita vikaingia nyuma yake, na mto ukakatwa: kule chini walikuwa na serikali yao, huku juu tulikuwa na wakubwa wengine, na katikati askari. Hakuna meli iliyopanda wala iliyoshuka. Wengine walisema Papa Faustin amekufa, wengine walisema ameoa kule. Mtu akimuuliza Mama Odette kama kuna habari za bwana, aligeuza samaki wake juu ya moto na kusema, "Nani anataka samaki?" Hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Safari moja Tonton Kambale alirudi na televisheni, mashine ya video, na sanduku la kaseti alilonunua Kampala kutoka kwa mtu aliyenunua kwa mtu mwingine. Kwenye kaseti kulikuwa na maandishi kama vijumba vidogo. "Ni karate ya Japani," alitangaza. "Karate tupu!" Alipigilia mabenchi sebuleni mwetu, akawaita vijana wa mtaa wote.

Walijaa mpaka madirishani. Picha ikatokea: mwanamke amechuchumaa uani, anaosha kabichi. Tukangoja. Akaosha kabichi ya pili. "Sasa hivi atapiga mutu teke," Tonton alisema. Yule mwanamke akafuta mikono, akaitazama barabara tupu, akaanza kulia. Alilia muda mrefu sana. Vijana wakazomea, wakatoka mmoja mmoja, wa mwisho akimuuliza Tonton kama ile ndiyo karate ya vitunguu. Nilicheka, kisha nikamwonea huruma Tonton, maana alikuwa amevaa koti lake la sherehe.

Lakini wanawake hawakuondoka. Mama alikuwa amekaa mbele, majirani kadhaa wamebaki, na mlangoni alisimama Mama Odette, kitenge chake kikinuka moshi.

"Iko nalia juu ya nini?" Mama aliuliza.

Mama Odette akasema, "Bwana yake alienda mbali. Wanamwambia hatarudi."

"Wewe unajua ile luga?"

"Mwanamuke iko nalia mbele ya kabichi," alijibu. "Unataka luga gani tena?"

Tangu siku hiyo, kila alasiri umeme ulipokuwepo, alikuja akakaa kwenye benchi na kutueleza. Alimpa yule mwanamke jina la Alphonsine. Mama mkwe, mwenye midomo iliyobanwa, alimwita Madame. Kijana wa miwani aliyekuja mara kwa mara kununua kabichi alimwita Karani. Walipoongea, Mama Odette aliongea juu yao, sauti yake nzito ikifunika zao, akiwatolea Alphonsine na Madame ugomvi wa Kiswahili na Lingala wenye matusi ya sokoni. Wanawake walipiga makofi. Mimi nilikaa chini, karibu na kioo, na maswali yangu hayakuwa na mwisho. Kwa nini wanavua viatu mlangoni, wakati nyumba ni yao? Mtu mmoja atamalizaje vibakuli vyote vile? Kwa nini wanalala chini, na wana pesa? Siku vitu vyeupe vilipoanguka kutoka mbinguni, mdogo wangu Muhindo alipiga kelele kwamba Mungu anamwaga unga wa muhogo. Mama Odette alitazama kwa makini. "Ile ni baridi," alisema. "Kwao baridi inaanguka, unaiona na macho."

Tulicheza Kijapani uani. Omoni alikuwa mama, hilo tulilikamata mapema, na aigo lilifaa kwa kila kitu. Baada ya muda lilifika mpaka sokoni, mtu akitajiwa bei ya chumvi, alishika kiuno na kusema, "Aigo!"

Siku moja Alphonsine alicheka na Karani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka, na benchi zima likafurahi. "Aolewe na huyu!" jirani mmoja alisema. "Iko na kazi, iko na adabu."

"Hapana," Mama Odette alikata. "Yeye iko na bwana."

Mimi, kwa kuwa nilikuwa mtoto, nikauliza, "Bwana yake iko wapi? Mbona hatumuone hata siku moja?"

"Muto imekatwa."

"Kwa Wajapani pia kuna muto?"

"Masika," Mama aliniita kwa ukali, nami sikulijua kosa langu.

Kaseti ya mwisho ndani ya sanduku iliishia bandarini. Alphonsine amesimama kwenye umati, meli kubwa inakaribia, upepo unavuta nguo yake. Kisha picha ikakatika, kioo kikawa mchanga mtupu. Tulipekua sanduku, tukapekua chini ya vitanda. Tonton aliapa kwamba atautafuta mwisho wake Kampala nzima. Akapanda ndege, akaenda. Hakupata nafasi ya kurudi kabla ya mizinga.

Majeshi mawili ya kigeni, yaliyoingia nchini kwetu pamoja kama ndugu, yaligeukiana, na mahali yalipochagua kupigania palikuwa mji wetu. Sitasimulia yote. Mama alivuta magodoro hadi kwenye ushoroba wa katikati ya nyumba, mbali na madirisha, akamwita Mama Odette kwa sababu kijumba chake cha udongo hakingezuia hata jiwe. Tulilala humo sisi wanne, mchana kama usiku. Maji yalibaki ndoo moja, tukinywa kwa kifuniko cha chupa. Kila bomu lilipopita lilipiga mluzi kwanza, na Muhindo alijifunza kuusikia kabla yetu. Mwili wake ulianza kutetemeka nasi tukajua.

Asubuhi moja alitetemeka bila kuacha. Sikujua la kufanya, nikasema kitu cha kwanza kilichonijia. "Mama Odette, ile meli ilifika?"

Kitu kikaanguka karibu, vumbi la dari likatumwagikia vichwani. Akampangusa Muhindo uso kwa kitenge chake, kisha akaanza, kwa sauti ileile ya sebuleni.

"Meli ilifika. Watu iko nashuka, mingi sana. Alphonsine iko naangalia kila mutu. Huyu, hapana. Huyu, hapana."

"Na bwana yake?"

"Watu walishuka, wakaisha."

"Na bwana yake?"

"Hakushuka."

Nilikasirika mno. Nilimwambia amekosea, kwamba atashuka na meli nyingine, kwamba hivyo sivyo inavyoisha.

"Labda kuna meli ingine," alisema Mama Odette. "Lakini miguu yake ilichoka kusimama pale. Alirudi nyumbani. Alikamata sufuria yake, akaanza kupikia watu."

"Ni ile tu?"

"Ni ile tu."

Kisha akalia. Hatukuwa tumewahi kumwona akilia. Alilia kwa mdomo wazi, hakuna aliyemsikia nje kwa ajili ya mizinga, na mama yangu akamshika mkono, akaushikilia mpaka mchana. Nilidhani anaogopa mabomu. Nilimwambia asiogope, yanaanguka mbali.

Yalipokoma, kijumba chake kilikuwa kimelala chini. Televisheni ya Tonton ilikuwa na tundu katikati, na utepe wa kaseti ulikuwa umetapakaa uani. Mtaani kwetu watu walizikwa kwenye viwanja vyao, kwa kuwa hakuna aliyeweza kufika makaburini. Mama Odette alikaa siku kadhaa akifukua udongo kwa jembe, na alichopata kizima kilikuwa sufuria mbili. Mama alimpa mabenchi ya sinema. Akafungua malewa karibu na bandari, kibanda cha kulia cha turubai, na baada ya muda wabeba mizigo wa upande ule hawakula mahali pengine. Lituma yake, ndizi iliyopondwa ikang'aa mafuta, na samaki aliyefungwa kwenye majani: bado naisikia harufu yake nikipita pale.

Miaka ikapita, mto ukafunguliwa. Siku meli za kwanza zilipopanda kutoka Kinshasa, mji mzima ulimwagika bandarini. Nilikuwa msichana mkubwa sasa, nikimsaidia Mama Odette kugawa sahani, na niliona mtu mwenye mvi akisimama mbele ya kibanda na mwanamke kijana na watoto wawili. Nilimtambua kwa jinsi Mama Odette alivyopangusa mikono polepole.

"Faustin," alisema. "Uko muzima."

"Niko muzima." Alitazama chini. "Odette, sikiliza, kule ilikuwa..."

"Watoto wamekula?"

"Bado."

"Bon. Mukae. Chakula itakuwa baridi."

Akawajazia sahani, akimwondolea mtoto mdogo miba ya samaki kwa vidole vyake mwenyewe. Akampa Papa Faustin habari za waliokufa na waliozaliwa. Jioni ilipokaribia, wageni wake wakapanda mtumbwi kwenda Isangi kwa wazee. Yeye akaosha sahani.

Mimi nilikuwa nimengoja miaka yote hiyo, na sikuona kofi, sikusikia kilio, hata sahani moja haikuvunjwa. Nilikwenda kumlalamikia Mama. "Hakulia hata kidogo!"

"Alishalia," Mama alisema.

"Lini?"

"Ulikuwepo."

Sikuelewa, na sikuuliza tena. Nilikuwa na mambo ya usichana kichwani.

Sasa, ninyi mnaotaka kuanza kutazama filamu hizi za Kikorea, niwaambie ninazozipenda. Majina yake siyashiki, lakini kwa vijana wanaojaza filamu kwenye kadi za simu, eleza tu, watajua. Anza na ile ya mashemeji wawili wanaouza tambi na hawasalimiani. Ukiitazama na njaa utateseka. Kisha tafuta ile ya mwalimu aliyepelekwa kisiwani kwa adhabu, na wanafunzi wake wote ni bibi vizee. Za tajiri kijana mwenye gari jeupe ziacheni, zote ni moja, ingawa Grâce atanichukia nikisema hivyo. Kilichonikamata mara hii ni kilekile cha zamani: watu wanaopitisha muda mrefu bila kusema jambo, huku kila mtu mezani analijua. Ile ya kabichi bado sijaipata. Wakati mwingine hamu hunishika ya kujua walikuwa wanasema nini hasa, na kama Karani alikuwa mnunuzi tu, au kaka yake, au mtoza kodi.

Ni juzi tu, nikisoma maandishi ya Kifaransa chini ya picha, ndipo nilipoanza kuielewa asubuhi ya ushoroba. Mji mzima ulikuwa umemuuliza Mama Odette habari za mumewe, na mji mzima alikuwa ameujibu kwa samaki. Katika sebule yetu alipata mtu wa kumsemea, mwanamke wa mbali mwenye kabichi, na majirani wote wakajua wanamsikiliza nani, nao wakamwachia aseme. Mimi peke yangu, pamoja na Muhindo, tuliamini ni filamu. Nilimuuliza habari za meli, akanijibu habari za bwana wake. Mama yangu alielewa, na ndiyo maana alimshika mkono.