Paka Mwenye Jina la Baba Mkwe

Waliosema mchezo ule wa paka wa kwenye simu unatuliza akili hawajawahi kukaa na mama mkwe. Unaweka chakula kwenye ua ulio ndani ya simu, unaendelea na kazi zako, na paka wanakuja mmoja mmoja. Kila paka unampa jina. Basi.

Mimba yangu ilikuwa imekomaa, na Mama, mzazi wa mume wangu, alikuwa amekuja kwetu mtaani Manyatta kutoka kijijini Kombewa kungoja mtoto. Kila asubuhi aliniuliza kama nimeota. Alitaka marehemu mumewe anijie ndotoni adai mtoto apewe jina lake. Mimi sikuota kitu, na swali lenyewe lilinikera kuliko maumivu ya mgongo.

Siku hiyo nilikuwa nakaanga omena, wale dagaa wa ziwani, simu iko mezani karibu naye. Ikalia, arifa ya ule mchezo. Akavaa miwani. Hapo ndipo nilipokumbuka jina nililompa yule paka mkubwa wa rangi ya chungwa, anayekula akiwapa wenzake mgongo kama alivyokuwa akila baba mkwe.

Mama alisoma kwa sauti, polepole: jina la mumewe, kisha, "amefika, anakula."

Nilizima moto. Nikangoja matusi, hata majibu nilikuwa nayo tayari. Lakini hakunitazama. Aligusa kioo kwa kidole kimoja, pale alipokuwa paka.

"Tangu tumzike hajanijia hata ndotoni," alisema. "Na mimi ndiye niliyekuwa nampikia."