Wimbo Namba Wani wa Kaka Yangu

Mwaka ule wimbo uliokuwa namba wani ulikaa pale juu mpaka nikaanza kudhani redio ndiyo mbovu. Kila Jumamosi mchana mtangazaji alikuwa akisoma nyimbo za Ulaya na Marekani zilizovuma, akianzia zile za chini na kupanda polepole kama mtu anayepanda ngazi akiwa na mzigo. Kila Jumamosi akifika juu kabisa, alikuwa ni yule yule mama mzungu, na kile kinanda chake, na kile kilio chake.

"Nyamaza! Anafika!" kaka alikuwa akisema, hata kama hakuna aliyekuwa akizungumza.

Tulikuwa tukiishi Uthiru wakati huo, mimi dada yake mdogo na yeye, katika vyumba viwili vya kupanga. Yeye ndiye aliyetangulia kutoka nyumbani magharibi kuja kutafuta kazi Nairobi, akawa fundi wa kuchomelea vyuma. Mimi nilimfuata nilipomaliza shule, nikajifunza kupiga taipu, nikapata ofisi mjini. Alinilisha na kunivumilia nilipokuwa sina kitu, nami sijasahau. Lakini alikuwa na gramafoni ya betri. Na alikuwa na tabia ya kununua santuri ya wimbo wowote uliofika namba wani, na akiisha kuinunua, anaupiga huo huo. Anaupiga akinyoa ndevu. Anaupiga akipika ugali. Ukiisha, anainua mkono wa sindano, anaurudisha mwanzo, na uso wake ni kama wa mtu ambaye hajawahi kuusikia.

Kiingereza chake kilikuwa cha karakana: nyundo, boliti, kesho njoo mapema. Maneno ya nyimbo aliyameza yalivyokuja. Mimi niliyekuwa nikipiga taipu barua za Kiingereza kutwa nzima nilirudi nyumbani kumsikiliza akiimba lugha ambayo haipo popote duniani.

Shida ya wimbo huu ni kwamba yeye aliamini anauelewa. Mama mzungu alianza kiitikio kwa kumwambia mwanamume wake asimsubiri. Kwa kimombo chake cha puani, akivuta vuta, "don't" na "wait" yaligandana, na kaka akasikia "ndoa."

"Sikia! Hata mzungu anataja ndoa!"

"Hajataja ndoa. Anasema usinisubiri."

"Wewe masikio yako imeziba na taipu."

Nikamketisha. Nikamweleza wimbo wote, polepole, kama ninayemweleza mtoto. Huyu mama anamwacha mumewe. Anasema chakula amekifunika mezani, ufunguo amempa jirani, na akirudi kutoka kazini asisumbuke kwenda kumtafuta stesheni. Kaka alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Mtu hawezi kulilia chakula kwa sauti tamu hivyo." Akairudisha sindano mwanzo.

Basi alipopata mchumba, nilijua kabla hajafungua kinywa ni wimbo gani utapigwa kwenye harusi.

Mchumba mwenyewe nilimpenda. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa familia ya Waithaka, mtaa wa jirani, iliyokuwa pale tangu babu wa babu, watu wa kanisa, wenye ng'ombe wa maziwa na nyumba za kupangisha. Baba yake hakufurahi mara moja kusikia bintiye anataka kuolewa na fundi wa vyuma kutoka mbali kiasi kile, ambaye watu wake hata kahawa hawapandi. Ilichukua ziara nyingi, na wajomba zetu walisafiri usiku na mchana kuja kuzungumza naye, mpaka mzee akakubali. Sasa baada ya jasho lote hilo, kaka anataka binti wa mzee aingie kwenye karamu akiimbiwa habari za mwanamke anayemtoroka mumewe!

"Chagua mwingine," nilimsihi. "Una santuri rundo zima."

"Hii ndiyo namba wani," alisema, kana kwamba serikali ndiyo iliyoamua.

Siku ya harusi niliamka mapema kuvaa gauni la satini la msimamizi wa bibi harusi, na viatu vya kisigino ambavyo sikuwa nimevizoea. Kaka alikuwa nje na rafiki yake akinyolewa, gramafoni imewekwa juu ya kiti. Alipomaliza kuusikiliza mara ya mwisho, aliitoa santuri akailaza juu ya mfuniko wa pipa la maji, ule wa bati, akaingia ndani kutafuta tai. Jua la Uthiru halikuwa na habari ya harusi. Alipokumbuka, santuri ilikuwa imejikunja pembeni kama chapati iliyosahaulika kwenye jiko.

Sijui kama alilia alipofiwa na bibi yetu. Lakini siku ile macho yake yalijaa.

"Sister, tafadhali. Kimbia town. Utapata ingine."

"Mimi ni msimamizi! Ninatakiwa kanisani!"

"Utafika tu. Gari iko."

Sijui kwa nini niliingia kwenye lile gari. Labda ni kwa sababu ya yale macho. Dereva alikuwa mwenzake wa karakana, aliyekuwa ameazima gari la mwajiri wao na kulifunga riboni, na njia nzima alinieleza jinsi wimbo ule ulivyo mtamu.

Aliniacha mwanzo wa River Road kwa sababu mikokoteni ilikuwa imeziba njia. Nikashuka na satini yangu na visigino vyangu, katikati ya wauza misumari na mabomba, nikaanza kutafuta. Duka la kwanza la santuri, kijana wa kaunta aliniuliza nataka ya nani. Nikamwambia ya yule mama mzungu.

"Mama mzungu wako wengi. Imba kidogo nisikie."

"Siwezi kuimba hapa."

"Basi mimi nitajuaje?"

Nikaimba. Niliyachukia kila neno la wimbo ule, na niliyajua yote. Nilipofika kwenye kiitikio, wabeba mizigo wawili waliokuwa mlangoni wakanisaidia, na wao pia wakasema "ndoa." Kijana akanisikiliza kwa makini mpaka mwisho wa ubeti, kisha akasema, "Ah, hiyo! Hiyo iliisha jana."

Duka la pili niliimba tena. Muuzaji wa hapo alinipa santuri bila kusita, tayari imefungwa kwa karatasi. Bahati nilimlazimisha aijaribu kwanza. Walikuwa wanaume wakipiga kelele na magitaa, nadhani walikuwa wamekanyagwa na kitu.

"Lakini hii pia ni namba wani," alijitetea.

"Ya lini?"

"Ya mbeleni."

Kisigino kimoja kilikuwa kimeanza kulegea. Nikavua viatu vyote viwili, nikavishika mkononi, nikaendelea pekupeku. Nilipopita kona ya vyumba vya kulala wageni nikamsikia yule mama mzungu. Alikuwa akilia kwenye kipaza sauti kilichofungwa juu ya mlango wa duka dogo, na sijawahi kufurahi hivyo kusikia kitu ninachokichukia. Ndani mwenye duka, mzee wa makamo, alikuwa amekaa anakunywa chai.

"Hiyo nataka," nikasema nikielekeza kidole kwenye santuri inayozunguka.

"Hiyo si ya kuuza. Imebaki moja, na hiyo ndiyo inaniitia watu."

Nikakaa. Hakukuwa na kiti, nikakaa juu ya kreti la soda, satini na yote. Nikamwambia siondoki. Aliniangalia miguu yenye vumbi, akaangalia gauni.

"Wewe ndio bibi harusi?"

"Mimi ni dada ya bwana harusi. Anataka bibi aingie na wimbo huu."

Aliweka kikombe chini polepole. "Na yeye anajua huyu mama anasema nini?"

"Nimemwambia mpaka nimechoka."

Mzee yule alicheka akakohoa, akacheka tena, akapangusa macho kwa kitambaa. Kisha akaizima gramafoni yake mwenyewe, akaitoa santuri, akaifunika kwa bahasha ya karatasi. "Chukua, mama," alisema. "Mtu kama huyo anahitaji maombi, na mimi sina mengine ila hii santuri." Nilimlipa, nikakimbia.

Tulifika Waithaka wakati kengele inalia. Watu walikuwa wakitoka kanisani. Ndoa ya kaka yangu wa pekee, ambaye nilimfuata mjini, ambaye nilimfulia shati la siku ile, ilikuwa imefungwa nami nikiwa River Road nikiwaimbia wabeba mizigo. Mahali pangu alikuwa amesimama binamu wa bibi harusi. Kaka akaniona kwenye umati, akawapita wazee wote waliotaka kumshika mkono, akanijia mbio. Nilidhani atasema pole.

"Umepata?"

Nilimkabidhi bahasha. Ningefungua kinywa siku ile, ningesema maneno ambayo hayasemwi mbele ya kanisa.

Basi wimbo ukapigwa. Hema la turubai lilikuwa uani kwa mzee, kati ya zizi na nyumba kubwa. Bibi harusi akaingia taratibu, kichwa kimeinama chini ya shela, na kaka kando yake, macho amefumba, anaimba kwa sauti. Kina mama wa Waithaka wakayumba pole pole. Shangazi zetu kutoka magharibi wakapiga vigelegele. Mwanamke yule alimwacha mumewe mara tatu mfululizo, kwa sababu kaka aliagiza urudiwe, na kila mara watu waliitikia "ndoa" kwa nguvu zaidi.

Katikati ya hayo, baba wa bibi harusi akaniashiria kwa bakora. Nikaenda nikapiga goti kidogo.

"Binti, wewe ni mtu wa ofisi," alisema. "Huyo mama anaimba nini, ana uchungu hivyo?"

Watu wote wa meza ile wakanigeukia. Nikawakumbuka wajomba zangu na safari zao.

"Anaaga, Mzee."

"Anaaga nani?"

"Anaaga nyumbani. Anasema... chakula ameacha tayari mezani."

Mzee alifikiri. Kisha akatikisa kichwa taratibu, na nikaona kidevu chake kikicheza. "Ndivyo binti yangu alivyofanya leo asubuhi," alisema. "Amekamua ng'ombe, akanipikia uji, ndipo akaenda kuvaa." Akageuka upande mwingine asionekane.

Na mimi, niliyekuwa nimekasirika tangu jua kuchomoza, nikajikuta nami napangusa macho kwa ncha ya satini, kwa wimbo ule ule nisioutaka. Hilo liliniudhi kuliko yote. Nikainua macho nikamwona bibi harusi, amefika hatua mbili tu kutoka meza ile. Mabega yake yalikuwa yakitikisika chini ya shela. Sikuweza kujua analia au la mpaka alipoingia ndani kubadilisha nguo, akanivuta mkono akafunga mlango. Alikuwa anacheka mpaka hawezi kusimama.

"Wifi, eti anaaga nyumbani!"

"Kumbe unajua maneno?"

"Mimi nafundisha Kiingereza. Nilijua tangu siku ya kwanza aliyonipigia."

"Na hukumwambia? Unajua nimetembea wapi leo, bila viatu?"

Akaacha kucheka, akanishika mikono yote miwili, akaniomba radhi kama inavyopasa. "Aliniimbia akiwa na furaha hivi, nikashindwa," alisema. "Halafu si vibaya mwanamume asikie mapema."

Baada ya harusi nilihamia hosteli ya wasichana mjini nikawaachia vyumba vyao. Jumapili moja nilipokwenda Uthiru kuwatembelea, nilimkuta kaka amenuna kando ya gramafoni. Mkewe alikuwa jikoni, na kila kiitikio kilipofika tulimsikia akicheka.

"Huyu hucheka nini?" aliniuliza. "Hebu niambie ukweli. Anasema nini huyo mzungu?"

Nilitaka kumwambia kwamba nimekwisha kumwambia. Badala yake nilimweleza tena, na safari hii alisikia. Akatoa santuri nyingine kwenye rundo. "Na hii?" Hiyo ilikuwa ya mtu anayesifu pikipiki yake. Kaka alikuwa amedhani ni ya dini, hata alikuwa akiipiga Jumapili asubuhi kabla ya kanisa. "Na hii?" Mvua, mvua tu, mwanzo mpaka mwisho. Tuliendelea mpaka chai ikapoa, namba wani baada ya namba wani, na kila nilipofasiri moja aliirudisha ndani ya bahasha yake kwa upole zaidi, uso umemshuka.

"Umeniharibia zote," alisema mwishoni.

"Si wewe umeniuliza?"

"Nilikuuliza moja."

"Ulinipa rundo lote, moja baada ya nyingine!"

"Sasa mimi nitaskiza nini?" alisema, na alikuwa ananiuliza kwa kweli, akisubiri nimjibu.