Bastola Isiyopenda Baridi

Ilianza na kioo. Mtu asiyejulikana alivunja kioo cha mlango wa ukumbi tunaoswalia Ijumaa huku ughaibuni, mjini Lanham, akaandika ukutani maneno ambayo sina haja ya kuyarudia. Polisi walikuja, wakapiga picha, wakaenda zao. Kamati ikaita mkutano. Mwenyekiti wetu, mzee wa Mombasa aliyestaafu udereva wa mabasi, akasema hatuna uwezo wa kuajiri mlinzi kila wiki, kwa hiyo wanaume wenye vibali vya silaha wapokezane zamu mlangoni. Akauliza nani yuko tayari. Ukumbi mzima ukanyamaza. Mimi ukimya siuwezi, ni ugonjwa wa walimu. Nikainua mkono kabla sijakumbuka kwamba sina kibali, wala silaha, wala historia ya kupigana na mtu yeyote tangu shule ya msingi, na hata huko nilipigwa.

Kibali nilikipata, baada ya darasa, alama za vidole na subira. Bastola nikanunua ndogo, nyeusi, ya kufichika kiunoni chini ya koti. Muuzaji alinieleza kwamba bastola mpya ni kama kiatu kipya, hubana. Niende nayo uwanja wa shabaha, niipige mpaka ilegee, ndipo niiamini. Na kabla ya yote niyafute yale mafuta mazito ya kiwandani, nitie mafuta mapya kidogo tu kwenye mifereji, pale sehemu ya juu inapoteleza kwenda nyuma na kurudi mbele kila risasi inapotoka. Niliitikia kwa kichwa, kama wanafunzi wangu wa insha wanavyoniitikia mimi.

Mke wangu ni mzaliwa wa Unguja, mfamasia wa hospitali mjini Columbia. Yeye hagombi, huweka masharti.

"Nyuma ya mlango huo tutakuwa mimi, mama na watoto," aliniambia. "Basi hiyo bastola haiendi msikitini mpaka niione kwa macho yangu inapiga bila kukwama. Ikikwama siku ya siku, utakuwa umesimama pale na kipande cha chuma, na mtu umeshamuudhi."

Hoja haikuwa na tundu. Nimefundisha hoja muda mrefu, nikikutana na isiyo na tundu huwa naitambua, kwa sababu si yangu.

Zamu yangu ya kwanza ilipangwa mwisho wa Januari. Nikaona muda upo. Nikaifungua bastola mezani jikoni, nikafuta mafuta ya kiwandani kwa fulana kuukuu, nikaipangusa mpaka ikang'aa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mafuta ya kutia sikununua. Duka liko mbali na nje kulikuwa na theluji. Nikatazama rafu ya nje ya dirisha la jikoni, ambako joto la ndani halifiki.

Msomaji wa bara atanisamehe. Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo mafuta ya nazi yalikuwa jibu la kila swali. Bibi aliyapaka nywele zetu, ngozi ya mtoto mchanga, bawaba za mlango zinazolia, cherehani ya mama, na mara moja baiskeli ya mjomba. Sijawahi kuona mlango wa bibi ukikwama. Nikachukua chupa. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe kama mshumaa, kama yanavyoganda kila majira ya baridi. Nikaitia chupa kwenye bakuli la maji ya moto, kama ninavyofanya kila mwisho wa wiki mke wangu anapotaka kupaka nywele, nikangoja yayeyuke. Kisha nikatia tone hapa, tone pale. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kubania, nikaongeza.

Bastola iliteleza kama samli. Jioni nzima nilikaa kwenye kochi nikiivuta nyuma na kuiachia, tupu, bila risasi. Tak. Tak. Tak. Niseme hapa kwamba mke wangu huiweka nyumba yetu kwenye joto la Unguja la mwezi wa Machi, na majira ya baridi sisi hukaa ndani kwa kanga na msuli. Nilijiona fundi.

Jumamosi nikaenda uwanjani, mbele ya Germantown, mahali penye paa na benchi za mbao lakini upande wa mbele wazi kabisa kuelekea kilima chenye theluji. Nilifuatana na rafiki yangu wa Nakuru, muuguzi, anayewinda kulungu kila mwaka na ambaye hunicheka kwa heshima, yaani huniita mwalimu kwanza. Bastola ilikuwa imesafiri kwenye buti la gari, kwenye sanduku lake lenye kufuli.

Nikatia magazini, kile kikasha cha risasi. Nikavuta sehemu ya juu, nikaiachia. Ikaenda mbele polepole, kama mtu anayeamshwa alfajiri, ikasimama kabla ya kufunga. Nikabana kifyatulio. Kimya.

"Igonge nyuma na kiganja," akasema rafiki yangu.

Nikaigonga. Ikafunga. Ikapiga risasi moja, ikarudi nyuma, ikakwama katikati na ganda tupu limesimama wima kwenye tundu kama bomba la moshi.

"Mwalimu, hiyo mkono yako ni ugali ya maji. Kaza."

Nikakaza. Ikakwama. Nikakaza zaidi. Ikakwama.

"Basi ni hiyo bunduki," akasema. "Imejua mwenyewe ni mtu wa Pwani. Inataka kwanza ilale kidogo."

Nililaumu risasi, nikanunua za aina nyingine dukani pale. Nililaumu magazini, nikatumia ya pili. Msimamizi wa uwanja, bwana mpole mwenye ndevu nyekundu, akaja akatazama mkao wangu, akanisogeza mguu, akasema bastola mpya ndivyo zilivyo, niendelee tu. Nikaendelea. Vidole viliniganda, kidole gumba kikachubuka kwa kuvuta chuma ambacho nyumbani kilikuwa kikiteleza chenyewe. Na hapo, nilipokuwa karibu kuitupa kilimani, ikaanza kufanya kazi. Risasi baada ya risasi, bila kusita. Magazini nzima, na nyingine. Nikageuka kumtazama rafiki yangu kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi.

"Imezoea," nikasema.

"Imezoea," akakubali. Kisha akanusa hewa. "Nani analeta chakula huku? Nasikia harufu ya mahamri."

Mimi sikusikia harufu yoyote. Tukaenda kunywa kahawa garini, tukarudi. Nikatia magazini, nikavuta, nikaachia. Ikaenda polepole, ikasimama kabla ya kufunga.

Wiki zilizofuata zilikuwa hivyo. Nyumbani inateleza, uwanjani inakwama, ikipigwa sana inakubali, ikipumzika inagoma. Kila niliporudi nyumbani niliipangusa na kuitia mafuta tena, kwa ukarimu, maana nilishasadiki kwamba ni kavu. Katika foleni za barabara ya mzunguko nilitunga kichwani barua ya malalamiko kwa kiwanda, yenye utangulizi, aya nne za ushahidi na hitimisho kali. Ilikuwa insha nzuri. Ningempa mwanafunzi alama ya juu kabisa, kisha nimwulize kama amehakikisha mambo ya msingi.

Binti yangu, anayeelewa Kiswahili chote na kutujibu kwa Kiingereza chote, aliniuliza kwa nini nanunua kitu kisichofanya kazi halafu nakipenda. Nilimtuma akaniletee fulana kuukuu ya kupangusia.

Jumamosi ya mwisho kabla ya zamu, mke wangu alisema anakuja kuona. Nilijaribu kumwahirisha.

"Imebaki kidogo kuzoea."

"Ijumaa haitangoja izoee, mume wangu."

Akaja amevaa koti refu, vikinga masikio juu ya mtandio, mikono mfukoni. Akasimama nyuma yangu, kando ya rafiki yangu, kama mtahini. Nilitia magazini. Nilivuta. Nikaachia. Tayari nyote mnajua ilivyokwenda. Niligonga, nikavuta, nikanung'unika, nikagonga. Ganda likakwama. Nikalitoa. Likakwama jingine. Hatimaye chuma kikapata moto, kikaanza kupiga, kamoshi kembamba keupe kakapanda kutoka kwenye mifereji, na mkono wa mke wangu ukanigusa begani.

"Iweke chini," akasema.

Nikatoa magazini, nikahakikisha ni tupu, nikaiweka kwenye benchi. Akainama karibu, akanusa mara moja.

"Umeitia mafuta gani?"

Akili ilinirudi jikoni. Niliiona chupa. Niliona bakuli la maji ya moto, na mimi mwenyewe, mtu mwenye shahada mbili, nikisubiri kwa subira jiwe jeupe liyeyuke, kila wiki, majira ya baridi baada ya majira ya baridi.

"Ya nazi," nikasema.

Rafiki yangu wa Nakuru alikaa kwenye benchi. Hakucheka mara moja. Alijifunika uso kwa kofia kwanza, mabega yakaanza kutikisika.

"Mwalimu," akasema alipoweza. "Umepika bunduki."

"Haya mafuta huganda nje ya dirisha letu," mke wangu akasema, kwa sauti ile ya kueleza wagonjwa kipimo cha dawa. "Wewe ndiye unayeniyeyushia."

"Najua."

"Kila wiki."

"Najua, bibie."

Tuliposubiri ipoe na kuifungua, mafuta yalikuwa pale, meupe na laini, yamejaa kwenye mifereji yote kama krimu kwenye keki. Rafiki yangu alikuwa na kichupa cha mafuta ya bunduki na kitambaa. Tuliisafisha pale pale, kila kona, na mke wangu akaikagua kwa tochi ya simu. Kisha akasema iachwe nje kwenye benchi mpaka iwe baridi kama mlango wa ukumbi utakavyokuwa Ijumaa. Tuliiacha. Sisi tukaganda pembeni yake.

Nikatia magazini, nikavuta, nikaachia. Ikafunga kwa mlio mmoja mkavu. Nikapiga. Ikarudi, ikafunga. Nikapiga mpaka magazini ikaisha, haikusita hata mara moja. Nikatia nyingine, ikaisha vilevile. Nikaiweka chini, nikageuka. Nadhani nilikuwa natabasamu.

Mke wangu hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama karatasi ya shabaha, kule mbele. Mashimo yalikuwa yametawanyika kama mchele uliomwagika. Machache yalikuwa karibu na katikati, mengi chini, kadhaa hayakuwepo kabisa. Moja lilikuwa kwenye karatasi ya benchi la jirani, ambako hakukuwa na mtu. Wiki zote zile za kusubiri chuma kikwame zilinifundisha kukunja uso na kuinamisha mkono kabla risasi haijatoka. Bastola ilikuwa imepona. Ugonjwa ulihamia kwangu.

"Chuma hakina lawama tena," mke wangu akasema.

"Itakuja. Ni mazoea tu."

"Itakuja." Akaendelea kutazama ile karatasi ya jirani. "Lakini watu watakuwa wanaingia kwa pande zote, baba watoto. Na sisi tutakuwa nyuma yako."

Ningeweza kubishana. Nilikuwa na aya tatu tayari. Rafiki yangu, ambaye hakosi utani, alikuwa amekazana kufunga kamba za kiatu chake.

Jioni nilimpigia mwenyekiti, nikamweleza kwamba sitakuwa tayari kwa silaha, nahitaji miezi zaidi uwanjani. Nilitegemea anisikitikie.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mwanangu, nilikuwa sijui nikwambieje. Nimeshamwomba yule kijana aliyekuwa jeshini asimame kwenye maegesho. Wewe simama mlangoni, toa salamu, upange viatu. Watu wanaviacha ovyo."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Miezi ya vibali, gumba lililochubuka, hasira yote ile barabarani, na nikawa mpanga viatu. Niliudhika siku nzima. Nimeudhika bado, na Jumamosi nitarudi uwanjani kuudhika zaidi, nikiwa na mafuta sahihi.

Ijumaa ilikuwa imenyesha mvua juu ya theluji, ngazi za ukumbi zikawa kioo. Nilimwaga chumvi ya kuyeyusha barafu, nikasimama. Kijana wa jeshi alikuwa kule kwenye maegesho, ametulia kama nguzo. Mama mkwe wangu akaja taratibu, amejifunga makoti mawili juu ya buibui, akasimama ngazi ya chini akanitazama kiunoni.

"Iko wapi hiyo bastola niliyoisikia?"

"Nyumbani, mama. Ndani ya sefu."

"Vizuri," akasema, akaninyooshea mikono yote miwili. "Nishike basi, kunateleza."