Siku Niliyosema Kondoo ni Kondoo

Sitaki kuwadanganya, hii kitu inaniaibisha mpaka leo, na kama si vile Kitengela nzima ilishaiona kwa televisheni, ningekufa nayo kimya. Nikipita hapo kwa watu wa boda lazima mmoja apaze sauti, "Mama Shiku, kondoo ni kondoo!" na wenzake wajibu, "Meee!" Hata kanisani, ile Jumapili pasta alisoma habari ya mchungaji na kondoo aliyepotea, niliona shingo zote zikigeuka kwangu (na pasta mwenyewe ako na mkono wake kwa hii aibu yangu, nitafika hapo). Sasa wacha niwaambie vile ilienda, mnicheke mara moja, halafu mniache nipumue.

Mimi ni mtu wa mayai. Niko na kuku wa mayai huko nyuma ya nyumba, na mayai yenyewe nayapeleka madukani kwa boda, trei zimefungwa na mpira, na kila tukiruka shimo nasikia kwa roho yangu, kwaa! moja imeenda. Jioni tunakula yaliyopasuka, watoto wangu wamekula mayai ya kukaanga mpaka wakiona sufuria wanalia. Kwa hivyo niliposikia kuna shindano la kuzunguka nchi, linaitwa Wawili Njiani, na wa kwanza kufika mwisho anapewa pikapu mpya, jameni, sikulala. Sikutaka kuonekana kwa televisheni. Nilitaka pikapu.

Shida ni kwamba mnaingia wawili. Baba Shiku alikataa katakata, akasema hawezi kukimbizwa na kamera kwa umri wake, halafu akanipatia dada yake. Nyambura. Sasa nyinyi mnajua mawifi. Huyu mtu tangu harusi yetu hajawahi kumaliza chakula kwangu bila kuuliza kama chumvi imeisha dukani. Lakini ni mwanamke wa nguvu, amekulia kwa ng'ombe na kondoo huko Kinangop, anakimbia hatweti, na Mungu ni nani, tukaanza kushinda. Turkana tulichota maji kwa jua mpaka midomo ikapasuka, Kisumu nikaparua samaki na kucha zikaisha, tukigombana kila mahali, na timu zingine zinaenda nyumbani moja moja, sisi tuko. Mpaka tukabaki sisi na mapacha wawili wa Eldoret, vijana warefu wa miguu, na tukaambiwa fainali ni barabara ya Namanga, kuanzia Bissil mpaka Kitengela.

Kitengela! Nyumbani kwangu! Nilicheka mbele ya kamera, nikasema hivi (wameiweka mwanzo wa kipindi, wachokozi hao), "Hii barabara naijua nikiwa nimefumba macho, hao mapacha waende tu walale." Nyambura akaniambia nipunguze mdomo. Sikupunguza.

Basi tukafika soko la mifugo la Bissil asubuhi, vumbi, mbuzi, wazee na fimbo zao, na mtangazaji akatuambia kazi yenyewe. Kila timu itafute kondoo mmoja ifike naye Kitengela akiwa hai. Lakini huyo kondoo asinunuliwe. Lazima mtu akupe mwenyewe, kwa moyo wake. Kutoka Bissil tutafute lifti, lakini tukifika Kisaju tushuke, kipande cha mwisho ni miguu.

Mapacha wakakimbilia kusaidia watu kupakia ng'ombe kwa lori, wakitumaini kuhurumiwa. Mimi nikaenda moja kwa moja kwa mzee mmoja aliyekuwa amesimama na kondoo wake wekundu, anaitwa Mzee Lemayian, nikamsalimia, nikaanza kueleza. Nilipanga kumwambia maneno mawili matatu, lakini nikifika kwa mayai machozi yakatoka yenyewe, haki ya Mungu sikuigiza, nikamwambia habari ya boda na mashimo na watoto wangu na mayai ya kukaanga. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Wewe unaishi Kitengela wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Msichana wangu ameolewa hapo hapo, na Mkikuyu. Basi wewe ni mtu ya nyumbani."

Akaingia katikati ya kondoo wake, akaangalia huyu, akaacha, akaangalia yule, akaacha, hana haraka hata kidogo, na mimi naona mapacha wameshapakia nusu ya lori. Mwishowe akashika kondoo mmoja mnene, akaniletea mwenyewe, akanipa kamba kwa mkono.

"Hii sikuuzii, nakupatia," akasema. "Na kwetu, mtu nikimpatia kondoo, jina lake naacha kuita. Namuita Paker, na yeye ananiita Paker. Mpaka tukufe. Umesikia?"

"Nimesikia, asante sana Paker," nikasema, na miguu yangu ilikuwa imeshaanza kwenda. Kwa Kimaasai Paker ni kusema tu mtu wa kondoo, wale mmeunganishwa na kondoo, na si jina la kurushiwa kila mtu, lakini mimi wakati huo nilisikia pikapu peke yake.

Tukapata lifti ya lori la nyasi kavu, tukapita Kajiado tukiwa juu ya nyasi na kondoo katikati, na nyuma hatuoni mapacha. Nikaanza kuimba. Tukashuka Kisaju, nikavuta kamba, kondoo akatembea kidogo, akasimama. Nikavuta. Akalala. Yaani akalala chini kando ya lami, akakunja miguu kama mama aliyefika kwake, akaanza kutafuna. Nikamsukuma. Nikambembeleza. Nikamwambia maneno ambayo walilazimika kuyafunika na mlio kwa televisheni. Nyambura akainama akamshika tumbo, akasema, "Mama Shiku, huyu amechoka, tumpatie maji apumzike." Apumzike! Na hapo hapo nikaona, mbali, mapacha wakishuka kutoka kwa pikapu ya mtu, na mmoja akamwinua kondoo wao akamtupa mabegani kama sweta.

Sasa sikilizeni hiki kitu kidogo nilichofanya. Tulikuwa tumesimama mbele ya bucha, moja ya zile za kuchoma nyama, na nyuma ya bucha kulikuwa na kondoo mwingine amefungwa kwa mti, mwekundu vile vile, mwembamba, anarukaruka, macho juu. Nikamwita mwenye bucha. Nikamwambia, tubadilishane. Akaangalia wangu aliyenona, akaangalia wake, akasema haraka kabla sijabadilisha nia, "Sawa mama."

Nyambura akanishika mkono. "Mama Shiku, huyo ulipewa. Kondoo wa kupewa habadilishwi."

Na mimi, mbele ya kamera, na mdomo wangu huu, nikasema, "Nyambura, kondoo ni kondoo!"

Na yule jamaa wa kamera alikuwa hapo, anasogea karibu apate uso wangu vizuri, hata kukohoa hakukohoa. Nilimuuliza baadaye mbona hakuniambia, akasema sheria haiwaruhusu kuongea na washindani. Sheria!

Huyo kondoo wa bucha alikimbia. Mimi ndiye niliyevutwa. Tulitembea na kukimbia na kutembea tena, jua kali, Nyambura hanisemeshi, na mapacha wako nyuma wakibadilishana kubeba. Tukaingia Kitengela watu wamejipanga barabarani, boda wanapiga honi, wamama wa kanisa wetu wamevaa sare wanaimba, Baba Shiku amenyoa ndevu, na pale mwisho kabisa wa uwanja, jameni, pikapu. Nyeupe. Imefungwa utepe. Nikagusa boneti yake na mkono wangu, ilikuwa moto kwa jua, na nikaanza kulia kama mtoto, nikaona trei zangu zimepangwa huko nyuma, hakuna yai hata moja linalopasuka.

Pasta akanyang'anya mtangazaji maikrofoni. Kweli, alinyang'anya. Akamshukuru Mungu aliyemwinua mnyonge, akambariki kondoo, akabariki na magurudumu yote, watu amina, amina. Mapacha walifika katikati ya maombi wakasimama wamefunga macho na kondoo wao begani.

Alipomaliza mtangazaji akachukua maikrofoni yake, akatabasamu. "Kabla sijatoa ufunguo," akasema, "tumewaleta wale waliowapa kondoo, ndio watathibitisha."

Woi.

Gari likafunguliwa mlango, na Mzee Lemayian akashuka, amevaa shuka mpya na kofia, anacheka kutoka mbali, mkono uko juu. "Paker! Umefika, Paker!" Umati ukapiga makofi. Nilitaka ardhi ifunguke lakini hiyo ardhi yetu ya Kitengela ikikauka ni jiwe. Mzee akafika, akanisalimia na mikono miwili, halafu akaangalia chini ya kamba.

Akaangalia sikio. Akaangalia mguu. Akazunguka nyuma, akainama.

"Hii ni dume," akasema.

Mnasikia? Dume! Mimi ni mtu wa kuku, nilijua wapi? Nyambura aliona, lakini si nilikuwa nimemfunga mdomo. Mwenye bucha aliniona hivi, mjinga amekuja. Kuna mtu kwa umati alianza kucheka akajizuia, halafu mwingine hakujizuia, na mara uwanja mzima ulikuwa umeshika mbavu, hata wamama wangu wa kanisa, na sare zao. Mzee peke yake hakucheka. Alingoja wanyamaze wote, akasema polepole:

"Mama, ile kondoo yangu iko wapi? Ile iko na mtoto kwa tumbo. Nilichagua hiyo ndio upate mbili."

Hakuniita Paker. Aliniita mama, vile angemwita mtu yeyote anayeuza mboga barabarani. Nilisikia hilo neno likinichoma kuliko kicheko chote, na pikapu iko hapo karibu yangu, na ufunguo naona ukielekea kwa mapacha, na hata sikuweza kuuangalia, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka mahali nimemwacha huyo kondoo. Bucha. Jioni inakaribia. Na watu wa Kitengela wanapenda nyama ya jioni.

"Nyambura!" nikapiga nduru. Na Nyambura, Mungu ambariki na midomo yake yote, hakuuliza kitu, alisimamisha boda, tukapanda wawili nyuma, yule dume tumemwacha na Baba Shiku, na jamaa wa kamera kwa boda nyingine anatufuata, maana kwao hii ilikuwa sikukuu. Njia yote mpaka Kisaju nilikuwa nasema, Mungu, chukua pikapu, chukua, lakini kondoo asichinjwe.

Tulimkuta mwenye bucha na kisu kwa mkono. Nikamrukia. Nilianguka kwa tope la kuoshea matumbo, nguo yote, na bado nimemshika mguu, nalia nirudishiwe kondoo wangu, na wateja wameacha kutafuna. "Mama, tulia," akaniambia, "huyu siwezi kuchinja, angalia mwenyewe." Nyuma ya bucha, karibu na kuni, kondoo wangu alikuwa amesimama anamlamba mtoto bado amelowa, mwekundu kama yeye, miguu inatetemeka. Nyambura akakaa chini kwa vumbi akacheka mpaka akalia. Akasema, "Chumvi ya leo imetosha, Mama Shiku." Nilimpelekea huyo jamaa kondoo wake dume kesho yake.

Tuliporudi uwanjani mapacha walikuwa wameshaenda na pikapu yao, wakipiga honi. Mzee pia alikuwa ameenda.

Mwana-kondoo alipoacha kunyonya, nilimbeba mpaka Bissil siku ya soko. Sikulala usiku wa kuamkia, niliogopa kuliko fainali. Mzee alikuwa mahali pale pale. Akanisalimia mkono mmoja. "Habari mama."

Nikamweka mwana-kondoo mbele yake. "Mzee, huyu si wa kununua. Nakupatia."

Akamwangalia sikio. Akamwangalia mguu. Akazunguka nyuma, akainama (na mimi jasho linatoka, ingawa safari hii nilikuwa nimehakikisha ni jike, nilimuuliza Nyambura mara tatu). Akasimama, akashika kamba.

"Asante, Paker," akasema. "Mimi hii sitabadilisha."

Basi nimekubali. Mayai bado yanaenda kwa boda, yanapasuka kwaa, kwaa, na watoto wanakula. Lakini niliapa hapo sokoni, na naapa tena mbele yenu: mtu akinipa kitu na mkono wake, hata kama ni kuku kilema, huyo tutazeeka naye. Na nyinyi watu wa boda, nawaona mkijiandaa, hiyo "meee" yenu mniachie.